Mkono wa Kuazima

Asubuhi ile mke wa fundi viatu aligombana na sufuria ya chai. Chai ilifura ikamwagikia jiko, na yeye aliyeipa mgongo akasema sufuria za siku hizi hazina adabu. Mumewe alikuwa amepiga goti sakafuni anamfunga kamba za viatu vyake vyeupe vya kazini, maana kiuno cha mama yule kilikuwa kimekataa kuinama tangu mvua zilizopita. Kazi hiyo aliifanya kila siku na kila siku alikosolewa. Siku hiyo aliambiwa amekaza mno, anamfunga kama mwizi. Akalegeza. Akaambiwa sasa amelegeza mno, anataka aanguke mbele za watu. Akakaza tena palepale pa mwanzo, na mkewe akasema sawa, hapo ndipo.

Akanywa chai amesimama, akachukua mkoba, akatoka. Hakuaga. Hakuwa mtu wa kuaga. Alisema kuaga ni kwa wasafiri, yeye anakwenda kazini na kurudi.

Jua halijafika utosini, mlinzi wa zahanati alisimama mbele ya kibanda cha fundi, kofia mkononi. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha chumba cha sindano, akaomba maji. Maji yalipoletwa hakuyahitaji tena.

Basi. Aliyewahi kufiwa na mke hahitaji maelezo zaidi, na asiyefiwa hata akielezwa hataelewa.

Msibani walikuja wauguzi. Walikuja wamevaa sare, wamejipanga kama meno, na mbele yao mwanamke mnene mwenye miwani ya mkufu, mkuu wa wauguzi katika hospitali kubwa. Huyo ndiye aliyepewa kipaza sauti. Akasema marehemu alikuwa dada yao. Akasema walisoma darasa moja, wakalala bweni moja, wakala sahani moja, na aliyewatenganisha ni kifo tu. Hapo akatoa leso, akaipeleka machoni, akairudisha mkobani. Fundi aliitazama leso ile ikienda na ikirudi. Ilirudi kavu kama ilivyotoka.

Watu wakasema maskini, kaguswa. Fundi akainamisha kichwa, nao wakadhani ni uchungu. Alikuwa anatazama viatu vya yule mama. Ngozi nzuri, lakini kisigino kimelika upande wa nje, kiatu cha mtu anayetembea kama ardhi yote ni ya baba yake. Mfiwa hana haki ya kujibu. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Na huyu hata kula hakula naye. Sahani alizihamisha. Fundi anajua, kwa sababu mkewe alikuwa akirudi nyumbani na njaa.

Na bweni? Bwenini mkewe hakulala hata siku moja. Alilala kwake, mgongo kwa mgongo na fundi, akivuta shuka lote upande wake.

Mkewe aliingia chuo cha uuguzi akiwa mtu mzima, mama wa watoto wanne, mkubwa wao tayari ameota ndevu. Kabla ya hapo alifua mashuka ya hospitali. Miaka na miaka alisimama kwenye masinki ya saruji nyuma ya wodi, akiloweka damu za watu wasiomjua. Shule alikuwa amemaliza zamani, akaolewa, cheti kikalala sandukuni. Fundi hakusoma kabisa. Mkewe alisoma kwa niaba ya nyumba nzima. Basi chuo kilipotangaza kwamba hakitazami tena umri, alilitoa sanduku mvunguni na hakumuuliza mtu.

Wifi yake alikuja mbio kumwambia fundi kwamba mke anayekwenda shule pamoja na wanawe ana lake jambo. Fundi akamjibu kwamba jambo analo, ni uuguzi. Wifi akaondoka amenuna, na kunywa chai alikunywa.

Darasani alikuta wasichana. Fundi aliwaona siku ya kwanza alipomsindikiza hadi getini. Wamependeza kama maua ya plastiki. Walikuwa wanajipiga picha na kofia zao za uuguzi hata kabla hawajajua kutandika kitanda. Hao walitaka kofia. Beseni la mgonjwa hawakulitaka. Kiongozi wao alikuwa msichana mrefu mwenye sauti, aliyechaguliwa kiranja kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu kugombea naye. Ndiye huyu aliyekuja kushika kipaza sauti msibani. Wakati huo hakuwa mnene wala hakuwa na miwani, ila tembea yake ni ileile.

Sasa, kusema kweli, mkewe naye hakuwa asali. Ulimi wake ulikuwa na makali kuliko kisu cha kukatia soli. Wiki hizo za mwanzo alimwambia mmoja anawe shingo, mwingine akamvuta kucha mbele ya wagonjwa na kumwuliza kama amekuja kuuguza au kuparura. Kitanda kikitandikwa vibaya, alikivua chote, akasema tandika tena, mwanangu. Wao hawakutaka kuwa wanawe. Wana mama zao, na waliwakimbia hao hao ndipo wakaja chuo. Wakampa jina, Bibi Shuka. Alipopita korido walisema mashuka yanapita, inameni. Alilijua jina lake, akaliitikia. Hilo liliwaudhi zaidi.

Lakini jina ni upepo. Kilichoharibu mambo kabisa ni kipimajoto.

Wanafunzi wale walikuwa na desturi yao ya kufunikana. Ukichelewa, mwenzako anaitika kwa niaba yako. Ukivunja chupa, chupa ilikutwa imevunjika. Asubuhi moja kiranja alipewa kupima joto mstari mzima wa wodi ya wanawake. Akakaa dirishani kusuka nywele za mwenzake, kisha akapita kitanda hadi kitanda akiandika joto alilolitunga kichwani. Wote waliona. Mgonjwa mmoja aliyeandikiwa joto la mtu mwenye afya tele alikuwa anatetemeka hadi kitanda kinaimba. Sista wa mafunzo, mwanamke mkavu asiyecheka, akaja, akaweka kiganja kwenye paji la mgonjwa yule, akauliza nani amempima.

Ndipo mkewe akasema kutoka mwisho wa mstari, bila kupandisha sauti, kwamba hakupimwa mtu hapo.

Kiranja aliadhibiwa kusafisha vyoo vya wodi hadi mwisho wa muhula. Na tangu siku hiyo mke wa fundi viatu akawa na ukoma.

Fundi hakupata kuona watu wazima, maana wenye umri wa kupiga kura ni watu wazima, wakifanya mambo ya kitoto kwa bidii ile. Akikaa meza ya chakula, meza inahama. Sahani zinainuliwa, viti vinakokotwa, yeye anabaki na chumvi. Akiuliza zamu ya kesho ni wodi gani, anaambiwa ya watoto. Akienda ya watoto, wenzake wako ya upasuaji, na sista anamwandikia mchelewaji. Akiacha daftari lake, linakutwa kwenye ndoo ya maji. Akiingia chumba cha kubadilishia nguo, mazungumzo yanakatika kama uzi. Na hao ndio waliokuwa wanajifunza somo la huruma kwa mgonjwa, wakalifaulu vizuri sana.

Mkewe alikuwa akirudi nyumbani, anavua viatu, anakula kilichobaki cha mchana, chote, kisha anasema vifaranga hawamjui mwewe. Hakulia. Fundi angefurahi alie. Mtu anayelia unajua pa kumshika.

Yote hayo angeyabeba. Ila lilikuwapo moja lisilobebeka na mtu mmoja. Ni mkono.

Katika chuo kile hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kumtoa mgonjwa damu kabla hajamtoa mwenzake. Sista alikuwa akisema kila mwaka maneno yaleyale: mgonjwa hakukosea kitu, hawezi kuwa wa kwanza kuonja ujinga wenu. Basi walijipanga wawili wawili, wakaazimana mikono. Leo unanichoma mimi, kesho nakuchoma wewe. Na mwisho wa yote ulikuwapo mtihani mbele ya watahini kutoka nje, vilevile wawili wawili. Asiye na mwenza hana mtihani. Asiye na mtihani hana cheti, na asiye na cheti arudi kwenye sinki lake.

Siku ya kuchagua wenza ilikuwa kama mnada wa mbuzi. Walikunja mikono ya sare wakakaguana mishipa. Kiranja akachukua msichana mwenye mishipa kama kamba, mtu angemchoma akiwa amefumba macho. Wengine wakashikana kwa urafiki au kwa woga. Wakabaki wawili. Mmoja ni mke wa fundi. Mwingine ni msichana mmoja mdogo, mlaini, mwenye mikono ya mviringo isiyoonyesha mshipa hata ukiifunga mpira mpaka ibadilike rangi. Huyo alikuwa mtumishi wa kiranja bila mshahara. Alimbebea beseni, alimfulia soksi, alicheka kabla kichekesho hakijaisha. Mkewe alimpa jina la Mkia.

Mkia alidhani kwa utumishi wote ule angechukuliwa na kiranja. Kiranja alimtazama mkono tu, akageuka. Hata hivyo, sista alipomwambia basi ashikane na Bibi Shuka, Mkia alisema atasubiri. Maana neno lilikuwa limeshapita bwenini kwamba atakayemwazima yule bibi mkono ameshaaga kundi. Fundi mpaka leo akikumbuka anashangaa. Mtu anatupwa jalalani na bado anamlindia heshima aliyemtupa.

Mkewe akabaki na mkono wa mpira wa chumba cha mazoezi, uliotobolewa na vizazi hadi ukawa unavuja wenyewe. Na nyumbani akawa na mkono wa mumewe.

Sista alimpa sindano, akajitia hajui za nini. Alasiri, fundi akitoka kibandani, anaoga, anakaa kwenye meza ya jikoni, ananyoosha mkono juu ya taulo. Mkewe anafunga mpira, anapapasa, anapaka spiriti. Fundi anatazama ukuta. Yeye aliyetoboa ngozi maisha yake yote hakuweza kuitazama ya kwake ikitobolewa. Mkewe alimtania kwamba hiyo si ngozi, ni mkanda, na ng'ombe wake alikuwa mzee. Mwanzoni alimkosa, mkono ukawa na mabaka ya zambarau, na wateja wakauliza. Fundi akawaambia amegombana na nyumba. Kisha akaacha kumkosa. Lakini alijua, na yeye fundi alijua, kwamba mkono wa mume hauingii kwenye mtihani.

Hapo ndipo alipokuja Mkia. Alikuja kwa mlango wa nyuma, kitambaa kimevutwa hadi nyusi, akapita kati ya kamba za nguo kama kuku mwizi. Alikuwa mtu asiyemsalimia mkewe chuoni hata wakigongana mlangoni. Huku uani akapiga shikamoo mpaka chini.

"Shikamoo ya mlango wa nyuma huku hatupokei," mkewe alimwambia. "Ingia ukae, unatia kivuli."

Akaeleza shida yake akiwa ameangalia vidole. Hana mwenza. Hajawahi kumchoma mtu. Hakuna anayetaka kuchomwa naye kwa sababu hakuna anayeweza kumchoma yeye. Anaomba wafanye mazoezi pamoja, ila hapa, si kule. Kule wasijuane.

Mke wa fundi angeweza kumtoa kwa ufagio. Fundi aliona mkono wake ukiutafuta ufagio. Lakini alikuwa na haja na mkono ule wa mviringo, na mwenye haja hachagui. Akamwambia sawa, wasijuane, ila siku ya mtihani watajuana, watasimama pamoja mbele ya wote. Msichana akasema ndiyo mama.

Basi alasiri zile jikoni pakawa wodi. Mkia alimchoma fundi, huku akimwomba radhi kabla na baada, hadi fundi akachoka kusamehe. Mkewe naye alihangaika na mikono ya msichana. Kwenye kiwiko hapakuwa na kitu. Akajaribu kukanda kwa kitambaa cha maji ya moto, akafumba macho, akapapasa polepole kama anayetafuta sindano kwenye godoro, na siku moja akaupata mshipa uliko, pembeni, juu kidogo ya kifundo, upande wa dole gumba, umejificha kama mdeni. Msichana akaitazama damu yake ikiingia kwenye bomba, akacheka, na kwa mara ya kwanza alicheka baada ya jambo kutokea.

Fundi alianza kumpenda yule mtoto. Alimtilia soli mpya bila kuulizwa. Mkewe akamwambia asijisumbue, hiyo ni bendera, na upepo uko kwa kiranja. Fundi akamwona mkewe kuwa mkali mno.

Siku ya mtihani ilikucha na habari. Yule mwenye mishipa kama kamba alikuwa ameshikwa na homa, amerudishwa kwao. Kiranja hana mwenza. Fundi alikuwa amefunga kibanda amsindikize mkewe. Aliposikia habari hiyo getini, hakurudi kibandani. Akaenda kukaa kwenye benchi la baraza, chini ya madirisha ya chumba cha mazoezi, yaliyokuwa wazi kwa ajili ya joto. Akasimama kuchungulia.

Mkia alikuwa amesimama kando ya kiranja. Beseni la kiranja mkononi, macho sakafuni, soli mpya miguuni.

Mkewe hakumwangalia mara mbili. Sista alipofika kwake na kumwuliza mwenza wako yuko wapi, alijibu kwamba hana. Sista akaligeukia darasa, akauliza nani atakayemwazima huyu mkono baada ya kumaliza mtihani wake. Wasichana wote wale. Mmoja akatazama dari. Mwingine akapiga miayo. Kiranja alikunja midomo, tabasamu likamtoka pembeni kama uji. Sista akauliza tena. Hakuna aliyejitokeza, na mke wa fundi hakuomba. Alisimama amenyooka, mikono mbele, kama anayesubiri mashuka yakauke.

Fundi alifanya jambo ambalo hakulipanga. Alikunja shati, akapenyeza mkono wake dirishani mpaka begani.

"Chukueni huu," akasema. "Umeshazoea."

Darasa likaangua kicheko. Walicheka hadi wakashikana. Mkono ule wenye gundi kwenye kucha ulikuwa unaning'inia dirishani, na wao wanapigana vikumbo kuuona. Mtahini mmoja akasema sheria hairuhusu mtu wa nje. Sista akasema kwa upole, baba, urudishe mkono wako. Akaurudisha. Fundi amechekwa mara nyingi maishani. Mtu anayeshinda ameinamia miguu ya watu lazima achekwe. Lakini kicheko kile cha wauguzi hajakisahau. Siku waliyolia na kipaza sauti alikisikia tena, chinichini.

Mke akaambiwa akae kiti cha mwisho, angoje wote wamalize. Mkono usipopatikana, aje mwaka ujao. Na wote walijua kwamba mwaka ujao ni kiranja mwingine na Mkia mwingine. Kwa umri wake, mwaka ujao lilikuwa neno la adabu tu la kusema usije.

Wakachomana. Jozi baada ya jozi wakapita. Ikafika zamu ya kiranja.

Akamfunga Mkia mpira, akapiga kiwiko makofi, akachoma. Hakuna kitu. Akachomoa, akachoma tena, akachokoa kama anayechimba nyungunyungu. Msichana akauma mdomo. Ruhusa ilikuwa mara tatu. Ya tatu aliingiza kwa hasira, mkono ukavimba papo hapo ukawa kama yai. Mtahini akamwambia aache. Mkia hakuwahi kumwambia mshipa uko wapi. Labda aliogopa kumfundisha mkubwa wake. Labda alinyamaza kwa makusudi. Fundi angependa iwe hilo la pili, lakini haamini.

Kiranja akasema kosa si lake, huo si mkono, ni mto wa kulalia, na huyu mtoto ameletwa kumwangusha. Akaambiwa sawa, sasa atoe wake achomwe. Akashusha mkono wa sare, akafunga na kifungo. Akasema yeye hachomwi na huyu.

Mkia akabaki katikati ya chumba, pamba kwenye kiwiko, machozi yanamchuruzika hadi kidevuni. Aliwatazama rafiki zake mmoja mmoja. Alikuwa amewafulia wote. Wakamtazama kama wanavyotazamwa watu wa basi lingine. Ndipo akatembea hadi kiti cha mwisho, mbele ya sista, mbele ya watahini, mbele ya darasa zima, akasema, "Mama."

"Leo nimekuwa mama mchana kweupe?" mkewe akamwuliza.

Mke wa fundi akamwacha asimame hivyo, muda mrefu kuliko fundi alivyoona inafaa. Kisha akakunja mkono wa sare, akaunyoosha.

Mkia alimpata mara ya kwanza. Alikuwa amejifunzia kwenye mkanda, ngozi ya kawaida ikawa siagi. Halafu zamu ikageuka. Mkono mmoja wa msichana ulikuwa umeharibiwa, ulibaki mmoja. Mke wa fundi akaomba maji ya moto na kitambaa. Watahini wakatazamana, wakampa. Akakanda. Akafumba macho, akapapasa upande wa dole gumba. Chumba kizima kikasogea. Huku barazani fundi alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili, na alipoiona damu ikipanda kwenye bomba, nyekundu, tele, alikaa kwenye benchi. Kwa hiyo hakumwona mtahini akiandika. Alimsikia akisema vizuri, mama, pita.

Yangeishia hapo yangetosha. Mkewe amepata. Lakini walikuwa bado na kiranja.

Watahini walikuwa watu wa huruma, au watu wenye njaa waliotaka kwenda kula. Wakasema atapewa nafasi moja zaidi, kwa mkono mwingine, sasa hivi, kabla hawajafunga mikoba yao. Achague mwenzake yeyote. Kiranja akageuka kwa wafuasi wake, na fundi akasimama tena dirishani, maana hilo alitaka kuliona.

Wa kwanza akasema mkono unamuuma. Wa pili akasema mama yake amemkataza, na mama yake alikuwa safari ya siku mbili kutoka pale. Wa tatu alikuwa ameshavaa sweta, kwenye joto lile. Wote walikuwa wameliona yai la Mkia. Kiranja aliwaita kwa majina, akawaita tena kwa majina ya mapenzi. Dada zake wa sahani moja. Hakuna aliyeinuka. Fundi alifurahi, na furaha hiyo hajaitubia mpaka leo.

Ndipo mkewe akainuka kutoka kiti cha mwisho. Alikuwa hajashusha mkono wa sare. Akatembea taratibu kupita katikati yao, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa mbele ya kiranja, akaweka mkono wake juu ya mto. Fundi akamwita kwa sauti ya chini asifanye hivyo. Hakugeuka.

Damu ilipatikana, kwa taabu. Kiranja akapita, akawa muuguzi, akapanda ngazi hadi mkufu wa miwani. Mkewe alifanya kazi zahanati moja miaka yake yote, na walipokutana kwenye semina kiranja alimsalimia kwa kidevu. Mkia alikwenda mbali kufanya kazi, msibani hakuja. Huyo ndiye fundi aliyemtazamia.

Yule wa kipaza sauti hakusema habari ya mkono. Wala hakusema alichoambiwa siku ile, sindano ikiwa hewani, chumba kizima kinasikia na fundi yuko dirishani. Mkewe alimwambia hivi:

"Choma. Nimekuazima mkono, moyo sikukuazima. Ukimaliza usinishukuru, na nikifa usije ukasema tulikuwa ndugu."